Nimepata farasi wa bei nafuu, nianze kuruka viunzi?

BARUA

Shikamoo Daktari,

Safu yako huwa naisoma kwa ajili ya mbuzi wa baba. Leo naandika kwa ajili yangu mwenyewe.

Nina miaka 28, ni mtumishi wa umma, ofisi yetu ipo Mtumba, kwenye Mji wa Serikali. Kwetu ni Hombolo. Baba anafuga ng'ombe na mbuzi, na ana shamba la zabibu. Tangu mwaka jana, mwisho wa wiki huwa naenda kwa mzee mmoja nje kidogo ya mji anayefuga farasi wachache kwa mapenzi yake tu. Amenifundisha kupanda na hanidai chochote zaidi ya kusaidia kusafisha banda. Nilianza kwa kutembea, nikaingia mchakamchaka, nikaweza na shoti ya taratibu. Halafu akanitegea fito mbili zilizopishana kama herufi X. Daktari, siku farasi alipoziruka nikiwa mgongoni, usiku wake sikupata usingizi. Tangu hapo akili yangu yote ipo kwenye mashindano ya kuruka viunzi na farasi. Nayatazama kwenye simu mpaka bando linakata.

Sasa nimekwama. Tulipofika kimo cha sentimita 80, farasi jike ninayempanda alianza kugoma. Anakuja vizuri, akikaribia kabisa anasimama au anakwepa pembeni. Mara ya mwisho alisimama ghafla, nikaangukia mbele na kuumia bega. Kijana anayewatunza pale anasema farasi ameshanijua kuwa mimi ni mlaini, nimchape.

Wakati huohuo kuna mgeni anamaliza mkataba wake wa kazi na anarudi kwao. Anauza farasi dume aliyehasiwa, wa miaka mitano, aliyekuwa wa mbio. Ni mrefu, anang'aa, ukimwona utampenda. Anataka shilingi milioni sita pamoja na tandiko na hatamu. Fedha hiyo ninayo, niliiweka ya kuezekea nyumba yangu. Ningemweka Hombolo upande wa bwawani ambako majani hayakauki haraka, vijana wa baba wangemchunga pamoja na ng'ombe. Nimesoma habari za Snowman, farasi wa Marekani aliyenunuliwa kwa dola 80 mwaka 1956 akiwa anapelekwa machinjioni, na mwaka 1958 akawa bingwa. Kwa nini wangu asiwe hivyo?

Nyumbani hawataki. Baba anasema farasi hakamuliwi, haliwi, halimi, na maji ya kijiji yanabebwa na punda. Mama anaogopa nitavunjika, na anasema ule ni mchezo wa wanaume wa Kizungu. Rafiki yangu aliyepo Nairobi ananialika kwenye mashindano ya wanaoanza, miezi michache ijayo.

Ninunue? Nimchape huyu wa sasa? Nianzie wapi?

Binti wa Hombolo

JIBU

Marahaba mwanangu, na pole kwa bega.

Usimnunue huyo farasi. Nalisema mwanzoni kabisa kwa sababu muuzaji ana tarehe ya safari na wewe una fedha mkononi, na biashara za namna hiyo huisha upesi.

Farasi wa mbio amefundishwa kuegemea lijamu, kile chuma cha mdomoni, na kuongeza kasi. Ukishtuka ukavuta hatamu, wewe unamwambia asimame, yeye anaelewa aende. Kumfundisha upya kunawezekana, na wapo farasi wazuri sana wa kupanda walioanzia kwenye uwanja wa mbio wa Ngong, Nairobi. Ila kazi hiyo hufanywa na mtu aliyekwisha kupanda farasi wengi, kwa miezi, bila kuruka kiunzi chochote mwanzoni. Wewe unajifunza na yeye anajifunza. Mkifika mbele ya kiunzi na kila mmoja anamsubiri mwenzake aamue, atakayeumia ni mmoja wenu au wote.

Habari ya Snowman ni ya kweli. Lakini aliyemnunua, Harry deLeyer, alikuwa mwalimu wa kupanda farasi, mtu aliyekulia kwenye familia ya wakulima Uholanzi na farasi tangu utotoni. Zile dola 80 zilinunua mnyama tu. Ujuzi wa kumwona na kumwendeleza deLeyer alikuwa nao tayari.

Siku ukinunua, tafuta farasi wa miaka kumi hadi kumi na tano, aliyekwisha kuruka vimo vidogo mara nyingi akachoka kushangaa. Hata asipong'aa. Wala urefu usikubabaishe: kwenye Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, Marion Coakes alichukua medali ya fedha akiwa juu ya Stroller, farasi mdogo wa takriban sentimita 145 begani, katikati ya majitu.

Sasa huyu jike. Usimchape. Farasi aliyeruka fito zilizopishana kwa hiari yake kisha akagoma kwenye 80 ana sababu, na kazi yako ni kuitafuta. Anza na maumivu. Pitisha vidole bapa kando ya uti wa mgongo, ukibonyeza kwa uzito uleule pande zote mbili. Akikunjamana au akakunja masikio kila unapofika sehemu moja, tandiko linamwumiza. Angalia kama tandiko limelala juu ya mfupa pale shingo inapokutana na mgongo, maana panapaswa kuwa na nafasi. Kisha mwambie kijana amkimbize mchakamchaka kwa kamba iliyolegea, kwenye ardhi ngumu iliyonyooka, wewe ukitazama kichwa. Mguu wa mbele unaouma ukigusa chini, kichwa hupanda. Ukiona hivyo acha kuruka kabisa, muite daktari. Uliza pia kwato zilikatwa lini. Kila wiki sita hadi nane ndio utaratibu, na kwenye nchi yetu hii ya mawe na vumbi kavu kuna wanaozisahau mpaka zinapasuka.

Asipokuwa na maumivu, sababu ni wewe, na hili lisikuvunje moyo, maana karibu kila anayeanza hupitia hapo. Farasi anaporuka hunyoosha shingo mbele. Mkono wa mwanafunzi hubaki nyuma, lijamu linampiga mdomoni akiwa hewani. Halafu mwanafunzi huwahi kukaa, uzito wote unatua mgongoni kabla miguu ya nyuma haijapita. Kwenye sentimita 40 anavumilia. Kwenye 80 kosa lilelile linauma kweli, na yeye anakumbuka. Mwili wake umekwambia mara kadhaa kwamba kuruka na wewe kunaumiza. Ukimchapa hapo unamfundisha kwamba mbele ya kiunzi kuna maumivu na nyuma ya kiunzi kuna maumivu.

Kwa hiyo rudi chini. Mfunge mkanda wa ngozi shingoni, uushike kila anaporuka mpaka mikono yako izoee kumfuata. Goti likunjike, kisigino kishuke, kalio liachane na tandiko kidogo, na macho yatazame mti ulioko mbali baada ya kiunzi. Ukiutazama ufito, mwili wako unauendea ufito. Panga fito nne ardhini, mita 1.3 kutoka mmoja hadi mwingine, upite juu yake kwa mchakamchaka. Zikizoeleka, weka zile fito za X mita mbili na nusu baada ya ule wa mwisho, kimo cha katikati kiwe sentimita 40 tu. Fito za chini zinampangia farasi hatua, nawe unapata nafasi ya kushughulika na mwili wako peke yake. Kaa hapo wiki nyingi. Mzee wako akikuhimiza upandishe kabla hujatulia, mwombe kwa heshima asubiri.

Na kuruka kusizidi siku mbili kwa wiki. Siku nyingine fanya kazi ambayo watazamaji wa simu hawaioni: duara la mita 20, kutoka kutembea kwenda shoti, kutoka shoti kusimama, kushoto na kulia sawasawa. Kiunzi ni hatua moja ya shoti iliyoinuka. Kwenye uwanja wa viunzi kumi farasi anakuwa hewani kwa muda mfupi mno, na muda mwingine wote yupo chini akipiga hatua, na huko ndiko anayefika vizuri na anayefika vibaya wanapotofautiana. Ningekuwa na uwezo wa kumfundisha kila kijana jambo moja tu la mchezo huu, ningemfundisha kuhesabu hatua za shoti kwa sauti mpaka zilingane.

Kuhusu viunzi vyenyewe. Dodoma mafundi wa kuchomelea ni wengi na watakuchomelea chochote, basi wakuchomelee nguzo za pembeni tu, zisizo na ncha kali. Ufito ukae juu ya kishikizo kifupi, udondoke ukiguswa. Usiufunge kwa kamba, usiupigilie msumari, usitumie bomba la chuma. Mti wa mkaratusi uliomenywa na kulainishwa unatosha. Ardhi nayo iangalie. Kuanzia Juni udongo wetu mwekundu unakaza kama saruji, na miguu ya farasi inayotua hapo ndiyo inayolipa. Lima juujuu kwa haro, mwaga mchanga wa korongo usiozidi kina cha vidole vinne, lowesha alfajiri, na ufanye kazi kabla ya saa tatu asubuhi. Mchanga mzito kupita hapo unachosha mishipa ya miguu.

Nikirudi Hombolo, hapa ndipo ninapokuomba usome polepole, kwa sababu umelelewa na wafugaji, na mengi ya kweli mnayoyajua kuhusu ng'ombe yanaweza kumuua farasi.

Bwawani usimweke. Kuna ugonjwa wa virusi wa farasi, upo Afrika tangu zamani, unaenezwa na visubi, wale wadudu wanaouma walio wadogo kuliko mbu. Wanazaliana kwenye tope na unyevunyevu na huuma kuanzia machweo hadi alfajiri. Farasi ambaye hajawahi kukutana nao akiambukizwa, mara nyingi anakufa, na katika aina kali hufa tisa kati ya kumi au zaidi. Punda na pundamilia hubeba virusi hivyo bila kuonekana wagonjwa, kwa hiyo punda mzima wa jirani hakuhakikishii kitu. Kinga yake ni chanjo, kukaa juu palipo pakavu, na banda lenye wavu mdogo sana analoingia kabla jua halijazama. Mvua zetu huanza Desemba, hivyo suala la chanjo lianze kuulizwa ofisi ya mifugo ya mkoa miezi kadhaa kabla, kwa sababu haikai kwenye kila duka.

Chakula nacho. Ile lusina mnayowakatia mbuzi ina sumu iitwayo mimosini. Ng'ombe na mbuzi waliozoea wana vijidudu tumboni vya kuivunja, farasi hana, na utamwona akinyonyoka singa na mkia. Nyasi za Cenchrus ciliaris, zile zinazostahimili ukame na kupandwa Kongwa na Mpwapwa, ni nzuri kwa ng'ombe, lakini zina okseleti inayofunga madini ya chokaa. Farasi akizila peke yake kwa miezi, mifupa yake inadhoofika, uso unavimba, anaanza kuchechemea bila sababu unayoiona. Pumba nyingi huongeza tatizo hilohilo. Tafuta hei ya nyasi za Rhodes, na umuulize daktari kiasi cha chokaa ya mifugo cha kuongeza. Farasi wa kilo 450 anahitaji kama kilo tisa za hei kavu kwa siku, na maji madumu mawili ya lita 20, siku za joto na kazi matatu. Mahindi yaliyoota ukungu usimpe hata kiganja. Sisi wa Dodoma tunajua sumukuvu ilivyotufanyia mwaka 2016, na farasi ukungu wa mahindi unaweza kumharibu ubongo.

Chakula cha kuku kikae mbali na banda lake. Baadhi kimechanganywa na monensini ya kukinga kuku, na kiasi kisichomdhuru kuku kinaharibu moyo wa farasi. Dawa ya kuogeshea yenye amitrazi isimguse, utumbo wake unasimama. Na kijana wa baba asimchome sindano ya nagana aliyoizoea kwa ng'ombe, maana kwa farasi nafasi kati ya dozi inayotibu na inayodhuru ni finyu. Farasi hatapiki. Tumbo likimuuma usiku hana pa kulitolea, anagaagaa mpaka utumbo unajisokota. Kabla ya kumiliki farasi hakikisha yupo daktari wa mifugo Dodoma aliyekubali kwa mdomo wake kuja usiku, na una namba za hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, kwa ushauri. Ukikosa daktari huyo, hata farasi wa bure usimchukue.

Baba yako ana hoja, nami nampa haki yake. Farasi hula kila siku na hazai fedha. Ezeka nyumba. Ila usimwache nje ya jambo hili. Mchukue Jumamosi moja umpeleke kwa mzee wako, umwache ashike mguu wa farasi na kutazama kwato. Mfugaji hajifichi mbele ya mnyama mzuri. Maarifa yake ya kusoma majani, maji na mnyama aliyeanza kudhoofika utayahitaji, ukishamwonyesha yale machache yanayotofautiana.

Mama mwambie kwamba katika Olimpiki wanawake na wanaume hushindana pamoja kwenye kuruka viunzi, kiunzi kilekile, saa ileile. Pat Smythe alipata shaba na timu ya Uingereza mwaka 1956. Hofu yake ya kuvunjika iheshimu kwa vitendo: kofia ya kupandia farasi yenye mkanda wa kidevu, si ya bodaboda, na ikigonga chini mara moja inunuliwe nyingine. Fulana ya kukinga kifua na mgongo. Viatu vyenye kisigino kifupi ili mguu usipenye kwenye kikuku cha tandiko, kile cha kukanyagia, kwa sababu anayening'inia huburutwa. Raba zako za mazoezi ziache nyumbani.

Nairobi nenda, bila kusafirisha farasi. Kumvusha mpaka kunataka vyeti vya afya na vibali, na safari yenyewe inamchosha mnyama. Kule Karen na Ngong kuna sehemu zenye farasi waliofundishwa. Mwombe rafiki yako akutafutie mmoja wa kukodi, ufike siku chache kabla mzoeane. Jiandikishe sentimita 60, hata kama unajiona wa 80.

Kabla ya zamu yenu mtaruhusiwa kutembea uwanjani kwa miguu. Tumia nafasi hiyo yote. Jifunze tangu sasa kupiga hatua ya sentimita 90, pima kwa futi kamba kwenye kibaraza. Hatua zako nne ni hatua moja ya shoti ya farasi mkubwa, yaani mita 3.6. Kati ya viunzi viwili toa hatua zako mbili za kutua na mbili za kuondokea, zilizobaki gawa kwa nne. Mita 18 ni hatua nne za farasi. Akiwa mdogo hatua yake ni fupi, mwulize mwenyewe wake. Bendera nyekundu huwa kulia kwako, nyeupe kushoto. Kwa kanuni za kimataifa, kengele ikilia una sekunde 45 za kuanza, na ukianza kabla haijalia unatolewa. Ufito ukidondoka ni pointi nne za adhabu, kugoma mara ya kwanza ni nne, kuanguka ni kutolewa, na kukosea mpangilio wa viunzi vilevile. Uliza siku hiyo kama wanaoanza wamelegezewa chochote.

Farasi akigoma mbele ya watu, geuka, mrudishe kwenye shoti tulivu, hesabu hatua kwa sauti, umpeleke tena. Akigoma tena, inua mkono kumsalimu mwamuzi, mshike shingo, mtoke. Milioni sita yako itakuwa bado benki, na huyo jike wa mzee atakuwa anakusubiri Jumamosi.